Toplinki ya haidroliki: chuma kidogo kinachoamua kazi ya trekta Karagwe na Kyerwa

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa ni shida kupata shamba la ekari tano lililonyooka kutoka ncha hadi ncha. Trekta linaanza mstari kwenye udongo mzito wa bondeni, linapanda kwenye udongo mwekundu wenye changarawe, linavuka kichuguu, kisha linainamia upande wa pili wa kilima. Ndani ya mstari huo mmoja jembe lilelile limelima vizuri, limekwaruza juu juu, na limezama hadi injini ikatoa moshi mweusi. Dereva akitaka kulirekebisha inambidi asimame, avute breki, ashuke kwenye mteremko, azungushe kwa mikono fimbo ya chuma iliyo kati ya trekta na jembe, halafu apande tena. Mara nyingi hashuki. Analima hivyo hivyo, analipwa kwa ekari, anaondoka. Mwenye shamba anakuja kuiona tofauti wiki kadhaa baadaye, maharage yanapoota kwa viraka.

Fimbo hiyo mafundi wanaiita toplinki. Nyuma ya trekta kuna mikono miwili ya chini inayonyanyua jembe na kulivuta; toplinki ndiyo ya tatu, iko juu katikati, na kazi yake ni kuamua jembe liiname mbele au nyuma kiasi gani. Ile ya kawaida ni bomba lenye nyuzi ndani, unalizungusha ili lirefuke au lifupike. Ile ya haidroliki ni silinda ya mafuta: dereva anasukuma mkono mdogo pembeni ya kiti chake, fimbo inatoka au inaingia, na jembe linabadilika likiwa kazini.

Kwa mwenye trekta dogo, la nguvu farasi 20 hadi 50, kifaa hiki kinavutia sana. Na kinastahili kuvutia. Lakini nimeona watu wakikinunua kama wanavyonunua kofia, kwa kutazama sura na bei, na silinda ikaishia kwenye kona ya gereji mafuta yakiitoka. Hapa mkoani Kagera swali la kwanza si nani anaiuza. Swali ni nani ataifungua na kuibadilisha sili Oktoba, mvua ya vuli ikiwa imeshika na watu wanane wakiwa kwenye foleni ya kulimiwa.

Mpango huu wa mikono mitatu ulitokana na Harry Ferguson, fundi wa Ireland ya Kaskazini. Kabla yake trekta lilikuwa linakokota plau kwa mnyororo, na plau ikikwama kwenye mzizi trekta lilinyanyuka magurudumu ya mbele na kumwangukia dereva kwa nyuma. Ferguson alilifunga jembe liwe sehemu ya trekta. Mwaka 1936 mfumo wake uliingia sokoni kwenye trekta la Ferguson-Brown, mwaka 1938 akapeana mkono na Henry Ford bila mkataba wa maandishi, na mwaka 1939 likatoka trekta la Ford 9N. Baada ya vita lilikuja TE20, kisha kampuni yake ikaungana na Massey-Harris ya Kanada, na jina la Massey Ferguson likaenea hadi kwenye mashamba ya Afrika Mashariki. Leo trekta la India, la Uchina, la Japani au la Uturuki likija Omurushaka, nyuma lina mikono ileile mitatu.

Jambo moja katika ubunifu ule linamgusa moja kwa moja anayetaka kubadilisha toplinki yake. Kwenye matrekta mengi ya ukoo wa Massey Ferguson, toplinki ndiyo inayolipelekea trekta habari. Jembe likikutana na udongo mgumu linataka kupinduka mbele, kwa hiyo linaisukuma toplinki kuelekea trekta. Msukumo huo unabana springi, springi inaamsha valvu, na mikono ya chini inanyanyua jembe kidogo ili injini isizimike. Ukiweka silinda inayovuja kwa ndani, msukumo ule unaifupisha silinda polepole badala ya kufika kwenye springi, na trekta linafanya maamuzi kwa habari za uongo. Kwa trekta la namna hiyo silinda mbovu ni hasara kuliko fimbo ya nyuzi iliyochakaa.

Basi nani anaihitaji? Mwenye trekta lake mwenyewe, shamba moja, jembe moja, hana haraka. Atapima mara moja mwanzoni mwa msimu, atafunga nati, na atalima hadi mwisho. Anayeihitaji ni yule anayelima kwa kukodisha: asubuhi plau ya diski kwenye shamba jipya lililokuwa nyasi, mchana haro, jioni anabandika tela la ndizi au magunia ya maharage, kesho yake anafyeka majani. Kila zana ina mwelekeo wake. Plau inataka fremu yake ilingane mbele na nyuma ili diski ya kwanza na ya mwisho zikate kina kimoja. Mashine ya kufyeka majani inataka upande wa mbele uwe chini kidogo kuliko wa nyuma, ili isikate majani mara mbili na kuila injini. Rotaveta inataka gia yake ikae sawa na shafti ya PTO inayoizungusha, la sivyo viungo vya shafti vinagonga na kufa mapema. Bao la kusawazishia barabara likiinama mbele linakata, likiinama nyuma linapaka, na anayetengeneza njia ya kuingilia shambani baada ya mvua anahitaji vyote viwili ndani ya dakika moja.

Kuna faida nyingine isiyotajwa sana. Barabara zetu za vijijini zina makorongo na mawe, na plau iliyonyanyuliwa bado mkia wake unaning'inia karibu na ardhi. Dereva mwenye silinda anaifupisha tu, mkia unapanda, anapita. Na kabla hajatoka shamba moja kwenda jingine anaweza kulikunja jembe juu kabisa na kuliosha udongo wote, jambo ambalo katika mkoa uliopigwa na mnyauko wa migomba ni wajibu, si usafi wa kujionyesha.

Lakini toplinki haifanyi kila kitu, na hapa ndipo wengi wa milimani wanapodanganyika. Toplinki inainamisha jembe mbele na nyuma. Haiinamishi kulia na kushoto. Anayelima kwa kukingama mteremko, kama inavyopaswa ili maji yasiuchukue udongo, ana trekta lililolala upande mmoja, na shida yake ni kwamba diski za upande wa juu na za upande wa chini hazikati sawa. Dawa yake iko kwenye mkono wa kulia wa kunyanyulia, ule wenye gia ndogo na mpini wa kuzungusha. Mkono huo nao una aina ya haidroliki. Kama fedha inatosha kimoja tu, na mashamba yako mengi yako kwenye miteremko ya Kaisho au Mabira, mimi ningeanza na huo wa pembeni. Na kama mteremko ni ule ambao dereva anajikuta ameng'ang'ania usukani kwa hofu, hakuna silinda ya kumsaidia. Hapo ni jembe la mkono na makinga maji.

Kabla ya kununua chochote, itengenezwe kwanza ile ya nyuzi iliyopo. Toplinki nyingi zinazolalamikiwa zimeota kutu tu. Iloweke kwenye dizeli usiku kucha, ipigwe burashi ya waya, ipakwe grisi, izunguke tena kwa mkono mmoja. Tazama bolijointi za ncha zote mbili. Zikiwa zimelika hadi zinacheza, jembe litacheza nazo hata ukiweka silinda ya Ujerumani. Tazama pia tundu gani limetumika kwenye trekta, kwa sababu matrekta mengi yana matundu mawili au matatu pale juu, na kuhama tundu moja kunabadilisha tabia ya jembe kuliko watu wanavyodhani. Kama trekta lako limewekewa kipande cha bomba kilichochomelewa kwa urefu mmoja badala ya toplinki halisi, tatizo lako la kulima lina jina tayari.

Aliyefika mbali zaidi ya hapo aanze na pini. Kuna kipimo cha kimataifa, ISO 730, kinachoyagawa matrekta kwa kategoria. Kategoria 1, ambayo ndiyo ya matrekta madogo mengi, ina pini ya toplinki ya milimita 19 na pini za mikono ya chini za milimita 22. Kategoria 2, ya matrekta makubwa zaidi, ni milimita 25 juu na 28 chini. Pini ya 19 inaingia bila taabu kwenye tundu la 25, na urahisi huo ndio hatari yake: inagonga kila jembe linaponyanyuka, tundu linakuwa yai, na siku moja pini inakatika. Kuna bushi za kuziba tofauti hiyo, ni vitu vidogo, ziombwe pamoja na silinda. Matrekta madogo yaliyotumika Japani, ya Kubota, Yanmar, Iseki na wenzake, yatazamwe kwa makini zaidi, kwa kuwa baadhi yake yalitengenezwa kwa ajili ya rotaveta ya kwao na mikono yake haifuati vipimo tunavyovizoea.

Urefu ndio unaowaangusha wengi. Silinda haiwezi kufupika chini ya mwili wake, na mwili wake una pistoni, kichwa na ncha mbili. Chukua futi kamba, funga kila zana uliyo nayo, moja baada ya nyingine, iweke kama inavyopaswa kuwa kazini, na upime kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini nyingine. Kisha inyanyue na upime tena. Andika vipimo vyote. Kipimo kifupi kuliko vyote kiwe kirefu kuliko silinda iliyofungwa kabisa, na kipimo kirefu kuliko vyote kiwe kifupi kuliko silinda iliyonyooka kabisa, na kazi yako ya kila siku iangukie karibu na katikati. Silinda ya sentimita 50 ikiwa imefungwa, inayofika 70 ikinyooka, inayatosha matrekta mengi madogo, lakini lako linaweza lisiwe mojawapo, na muuzaji aliye Dar es Salaam hawezi kukujua wewe una plau gani. Mtumie karatasi ya vipimo. Asipoitaka, tafuta mwingine.

Nguvu haina haja ya kukutia wasiwasi, ila ieleweke. Chukua plau ya kilo 300 ambayo uzito wake umekaa sentimita 65 nyuma ya pini za chini, na mlingoti wa plau, yaani kimo kutoka pini za chini hadi pini ya juu, ni sentimita 46 kama Kategoria 1 inavyotaka. Plau ikining'inia, toplinki inavutwa kwa nguvu ya kama kilo 424. Silinda nyembamba yenye kipenyo cha milimita 40 na fimbo ya 25 inalihimili hilo kwa shinikizo la baa 55 hivi, wakati pampu za matrekta haya hutoa baa 150 na zaidi. Sasa liendeshe trekta hilo kwa kasi kwenye barabara yenye mashimo: kila shimo linaizidisha nguvu ile mara mbili au tatu. Ndiyo maana napendelea silinda ya milimita 50. Inahimili mishtuko, na sili zake ni za kipimo kinachopatikana kirahisi. Kubwa kuliko hapo kwa trekta dogo ni uzito wa bure.

Hesabu hiyo inaonyesha jambo lisilosemwa dukani. Jembe likiwa juu, linaivuta fimbo itoke, kwa hiyo mzigo wote unabebwa na mafuta yaliyo upande wa fimbo, na upande huo una nafasi ndogo kwa sababu fimbo yenyewe imekula sehemu yake. Fimbo nene kupita kiasi ndani ya silinda nyembamba inaonekana imara lakini inazitesa sili. Fimbo nyembamba kwenye silinda ndefu nayo inapinda plau inapogonga jiwe. Milimita 25 hadi 30 ndani ya silinda ya 50 ni uwiano unaokubalika.

Tunafika kwenye kitu ambacho bila hicho nisingemshauri mtu anunue: valvu ya kufunga. Ni kibonge cha chuma kilichofungwa kwenye mwili wa silinda, kinachozuia mafuta yasirudi mpaka dereva aruhusu. Valvu za trekta zenyewe huvuja kidogo kwa ndani, hata zikiwa mpya. Kwenye tela la kumwaga haionekani, kwa sababu tela limekaa juu dakika mbili tu. Kwenye toplinki inaonekana: unalima mistari mitatu na jembe limeshabadilika bila kuguswa. Valvu iwe ya kufunga pande zote mbili, na iwe imekaa kwenye silinda, isiwe mwisho wa mpira wa mafuta. Mpira ukipasuka njiani jembe libaki pale pale. Silinda za bei ya chini kabisa ndizo hukosa kibonge hicho, na hapo ndipo unafuu wake unapotoka.

Halafu nenda nyuma ya trekta uhesabu matundu ya mafuta. Silinda ya toplinki inasukuma pande mbili, kwa hiyo inahitaji matundu mawili yanayoendeshwa na mkono mmoja. Matrekta mengi ya bei nafuu yana tundu moja tu, la kunyanyulia tela, na tela linashuka kwa uzito wake. Tundu moja halitoshi. Itakubidi kuongeza valvu, na kazi hiyo, pamoja na mabomba yake, inaweza kugharimu kuliko silinda. Ijulikane kabla ya kulipa, si baada ya mzigo kushushwa Kayanga. Na ukishakuwa na matundu hayo, kuna suala la kasi: silinda ya milimita 50 yenye mwendo wa sentimita 20 inajaa kwa chini ya nusu lita, na pampu ya lita 20 kwa dakika inaijaza kwa sekunde moja na kidogo. Jembe litaruka. Fundi aweke kizuizi chenye tundu dogo kwenye njia ya mafuta ili fimbo iende taratibu.

Nyuzi za viungo ni balaa la kimya. Vitu vya India huja mara nyingi na nyuzi za Kiingereza za BSP, vya Marekani na NPT, vya Ulaya na Japani vina nyuzi za metriki au zao wenyewe. Nyuzi za BSP na NPT zinakaribiana hadi fundi asiye makini anazilazimisha zikaingia, anazungushia utepe mweupe, na zinavuja baada ya siku mbili. Nunua silinda na mipira yake na kapla zake mahali pamoja, ufunge dukani uone.

Mahali pamoja ni wapi? Kwa mtu wa Karagwe, barabara ya lami kutoka Omurushaka hadi Kyaka inampeleka Bukoba, au kaskazini Mutukula na kuingia Uganda. Kwa mtu wa Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, hesabu ni nyingine kabisa. Mkazi wa Murongo akivuka Mto Kagera kwenda Kikagati, Mbarara iko karibu naye kuliko Bukoba. Kampala ina Kisekka kwa vipuri na Katwe kwa mafundi wa chuma, na kwa silinda ya kutengenezwa nisingepita Katwe bila kuuliza. Upande wetu, Mwanza imesogea tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025 na foleni ya kivuko ikaisha. Dar es Salaam, Gerezani na maduka ya mawakala wa matrekta, ina kila kitu, ila kila safari ya kurudisha kitu kisichofaa ni siku mbili za basi na msimu unakwenda. Nairobi, Barabara ya Kirinyaga na eneo la viwanda, ina mafundi wa haidroliki wa siku nyingi, lakini ni mbali kwa sili moja.

Anayeagiza nje ya nchi amwulize wakala wa forodha kifungu kabla mzigo haujapakiwa. Trekta zima liko kwenye kifungu 8701 na linaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki bila ushuru wa forodha. Silinda ya haidroliki peke yake si trekta. Kwenye orodha ya kimataifa iko 8412.21, na ikiandikwa ovyo kama kipuri cha gari utalipishwa kama mwenye gari.

Nasisitiza habari ya vipuri kwa sababu nchi hii imeshaisomea kwa gharama kubwa. Miaka ya 1980 matrekta ya Valmet kutoka Ufini yaliunganishwa Kibaha. Baada ya mpango wa Kilimo Kwanza wa mwaka 2009 SUMA JKT, shirika la Jeshi la Kujenga Taifa, ikaleta Farmtrac na New Holland kwa mkopo wa India. Kisha Shirika la Maendeleo la Taifa likaunganisha Ursus za Poland, palepale Kibaha, na mwaka 2021 kampuni ya Ursus ikatangazwa kufilisika kwao. Kila wimbi liliacha matrekta mashambani, na kila mwenye trekta aliachiwa swali la wapi atapata kipande kile. Toplinki ya haidroliki ina bahati: haifungwi na jina la kampuni. Walterscheid ya Ujerumani inatengeneza nzuri sana, Italia na Uturuki na India na Uchina vilevile, na yoyote kati yake itakaa kwenye trekta lolote iwapo pini na urefu vinakubali. Kwa hiyo uhuru huo usiupoteze kwa kununua silinda yenye sili za kipimo cha pekee. Mwambie muuzaji afungue kichwa, asome namba za sili, akuuzie seti mbili papo hapo. Zote mbili zikae nyumbani kwako, si gereji.

Na kutengenezewa hapa hapa? Naamini inawezekana, na ningependa kuiona zaidi. Ukanda huu haukuanza kufua chuma jana. Uchunguzi wa mwanaakiolojia Peter Schmidt huko Katuruka, karibu na Bukoba, ulionyesha watu waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na mpelelezi Mwingereza Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe huko Bweranyange mwaka 1861 alikuta ufalme ambao nyundo ya chuma ilikuwa alama ya mamlaka. Ujuzi wa mikono upo. SIDO ya viwanda vidogo ipo, VETA ya mafunzo ya ufundi ipo. Kinachokosekana ni malighafi sahihi. Bomba la silinda lazima liwe limesuguliwa ndani hadi kung'aa, na fimbo iwe na kromu. Fundi akikata bomba la maji, hata liwe nene namna gani, ukuta wake wa ndani utazila sili ndani ya wiki. Kwa hiyo mwenye kutengenezewa anunue bomba na fimbo halisi Mwanza au Kampala, amletee fundi wa mashine ya kukereza, ncha zikatwe kwenye toplinki ya zamani ya kipimo chake, na kuchomelea kufanyike kabla sili hazijaingia, kwa sababu moto unaziunguza. Silinda ya usukani iliyong'olewa kwenye trekta kuukuu pia hutumika, ila haina valvu ya kufunga na mara nyingi ncha zake ni ndogo.

Ikishafungwa, kuna tahadhari mbili ambazo nazisema kwa uzito wote. Usifunge mnyororo au kamba kwenye toplinki, wala kwenye tundu lake, kuvuta kisiki au gari lililozama kwenye matope. Msimu wa masika ombi hilo linakuja kila siku, na dereva mwema anakubali. Mvuto kutoka juu vile unalinyanyua trekta mbele na kulipindua nyuma juu ya aliyekaa, haraka kuliko mguu unavyofika kwenye klachi. Vuta kwa kutumia ndoano ya chini tu. Ya pili: mafuta ya haidroliki yanayotoka kwenye tobo dogo la mpira yana nguvu ya kupenya ngozi kama sindano, jeraha linaonekana dogo na mkono unaweza kukatwa. Tobo litafutwe kwa kupitisha kipande cha boksi, kamwe si kwa kiganja, na aliyepenywa akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo hata kama haumwi.

Vumbi la kiangazi nalo lisidharauliwe. Kwenye matrekta mengi madogo mafuta ya haidroliki na ya gia ni yaleyale, kwa hiyo mchanga unaoingia kwenye kapla unakwenda hadi kwenye giaboksi. Kapla zifutwe kwa kitambaa kila zinapounganishwa, na zifunikwe kwa vifuniko vyake zisipotumika.

Wakati wa kununua ni Juni na Julai. Mashamba yametulia, mauzo ya kahawa yanaanza kuleta fedha, na Mfuko wa Taifa wa Pembejeo, ambao umekuwa ukikopesha wakulima matrekta na fedha za kuyakarabati, unaweza kuombwa kwa nafasi. Silinda ikifika Agosti, ifungwe, jembe linyanyuliwe jioni injini izimwe, na mstari wa chaki uchorwe kwenye fimbo pale inapoingilia silinda. Kwa usiku huo mmoja jembe liachwe juu, watoto na mbuzi wafukuzwe, na magogo yawekwe chini yake vidole vinne pungufu, yalidake likishuka. Asubuhi chaki isomwe. Kama imesogea zaidi ya upana wa kidole, silinda irudi kwa muuzaji Septemba haijaanza.